Usimpime mzee mmoja ukadhani umeupima ukoo

Hapana, ndugu yangu, usilipie kipimo hicho. Umeandika kwamba utachukua mate ya baba yako na ya mzee mmoja wa ukoo wa pili, ulinganishe kromosomu Y zao, yaani sehemu ya vinasaba ambayo baba humrithisha mwana wa kiume, ujue kama koo hizo zina babu mmoja.

Sisi ni watu wa Mombasa, wenzetu wako Tanga, na wazee wa pande zote mbili husema kwamba babu zetu walitoka Pate kwa jahazi moja. Nilimpima ami yangu, mwenye miaka 78, na mzee mmoja wa Tanga, kwa alama 37, yaani mahali 37 katika Y panapolinganishwa. Walitofautiana katika alama 20, na hata haplogrupu, yaani matawi makuu ya nasaba ya kiume, hazikuwa moja: mzee wa Tanga alikuwa J1, ami E-M2. Nami, kwa ujuaji wangu, nikatangaza siku hiyohiyo katika kundi la ukoo, lenye watu zaidi ya mia, kwamba habari ya jahazi ni porojo. Watu wa Tanga walijitoa kundini mmoja mmoja, na posa iliyokuwa ikizungumzwa baina yetu ikafa.

Mwaka uliofuata, mjukuu wa kuumeni wa ndugu yake babu yangu alijipima kwa hiari yake, akatofautiana na mzee wa Tanga katika alama 1 tu. Maana yake koo ni moja, na uzi ulikatika nyumbani kwetu, ama alipozaliwa ami, ama alipozaliwa babu mwenyewe. Huenda alikuwa mtoto wa kulea aliyepewa jina la ukoo. Lakini watu hawakufikiria kulea, walimfikiria mwanamke aliyekwisha kufa, asiyeweza kujitetea. Ami hajaniuliza neno mpaka leo. Mimi mwenyewe sijapima, na msiniulize kwa nini. Arusini siku hizi hukaa karibu na mlango, na sahani yangu ya pilau huja haina nyama.

Aliyeniuzia vipimo alinihakikishia kwamba mwanamume mmoja anatosha kuusemea ukoo mzima. Muongo yule! Y ya mtu humsemea yeye na baba zake wa damu, na daftari la nasaba haliijui. Wataalamu waliochunguza uzao wa Sally Hemings huko Marekani, mtumwa aliyesemwa kuzaa na bwana wake, Rais Thomas Jefferson, wakachapisha matokeo mwaka 1998, hawakumtegemea mtu mmoja: kwa upande wa Jefferson walipima wanaume watano wa kizazi cha Field, ami yake Thomas, waliotokana na wana wake wawili. Watano!

Kwa hiyo pima wanaume wawili kila upande, wasiokutana kabla ya kumfikia baba wa babu, kwani ukipima ndugu wa baba mmoja umenunua jibu lilelile mara mbili. Wa upande mmoja wakifanana, ndipo uvuke kwenda upande wa pili. Baba yako asiwe wa kwanza, na kabla hajatoa mate, mwambie waziwazi kwamba jibu linaweza kumgusa mama yake.