Dadu ikikataa na kisa kikakwama, mwongoza mchezo afanye nini?

SWALI: Naongoza mchezo wa kuigiza wa mezani kwa wachezaji wanne, tunatumia Dungeons & Dragons toleo la tano. Niliandaa kisa cha upelelezi: mfanyabiashara ameuawa, na barua inayomtaja muuaji imefichwa chini ya sakafu ya mbao chumbani kwake. Mchezaji wa kwanza alirusha dadu kutafuta, akakosa. Wa pili naye akakosa. Baada ya hapo hakuna aliyejua pa kwenda, nami nikabaki kubabaisha hadi tukaahirisha. Je, ningebadilisha matokeo kimyakimya nyuma ya kiwambo ninachofichia dadu zangu? Au niwe naweka kiwango cha chini cha ugumu?

JIBU: Matokeo usiyabadilishe. Kushusha ugumu nako hakutakusaidia sana, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Tuseme uliweka ugumu wa 15, yaani jumla ambayo dadu na nyongeza ya mhusika lazima zifikie, na mchezaji ana nyongeza ya 3. Anahitaji dadu ya pande 20 imwoneshe 12 au zaidi, yaani pande 9 kati ya 20: asilimia 45. Ukishusha ugumu hadi 10, atahitaji 7 au zaidi, na uwezekano unapanda hadi asilimia 70. Ni nafuu, lakini bado kuna asilimia 30 ya kisa chako chote kufia chumbani humo. Sasa tazama upande wa pili. Wote wanne wakiruhusiwa kujaribu kwa ugumu uleule wa 15, kila mmoja akiwa na nyongeza ya 3, uwezekano wa kukosa wote ni asilimia 9 tu. Kwa hiyo ukimruhusu mmoja, umeiweka hadithi nzima rehani kwa mrusho mmoja. Ukiwaruhusu wote, mnarusha dadu kutimiza desturi, maana jibu karibu linajulikana.

Kosa liko kwenye swali ambalo dadu iliulizwa. Iliulizwa kama barua itapatikana, wakati wewe mwongozaji ulishaamua moyoni kwamba lazima ipatikane. Kabla hujamwambia mchezaji arushe, jiulize: akikosa, nini kinatokea? Kama jibu ni "hakuna kitu", mwache afanikiwe bila kurusha. Anayesema anang'oa mbao za sakafu, na barua iko chini ya mbao, anaipata. Dadu iulizwe jambo jingine ambalo kweli hujui: ataipata kwa gharama gani?

Mezani ingekuwa hivi. Mchezaji anasema, "Nang'oa mbao moja moja." Unamjibu: "Kuna kitu humu, na ukiwa na subira utakipata. Ila unasikia hatua za mlinzi ukumbini. Ukipata 15 au zaidi, utakuwa umemaliza kabla hajafika. Chini ya hapo, atakukuta." Anarusha, inatoka 6, na nyongeza ya 3 inakuwa 9. "Barua unayo mkononi, mbao zimetapakaa sakafuni, na kitasa cha mlango kinazunguka. Unafanya nini?"

Angalia kilichotokea. Amekosa, lakini kisa kimesonga mbele, tena kwa kasi kuliko angefanikiwa. Na kwa kuwa ulitaja kilicho hatarini kabla dadu haijaguswa, hakuna atakayehisi umemwonea. Hilo la kutaja mapema nalisisitiza kuliko mengine yote, kwa sababu meza nzima hunyamaza dadu inapobiringika pale kila mtu anapojua inaamua nini.

Wabunifu wa michezo wameshughulika na jambo hili kwa muda mrefu. Katika mfumo wa GUMSHOE, uliotengenezwa mahsusi kwa visa vya upelelezi, mhusika mwenye ujuzi unaofaa akitafuta mahali panapofaa anapata kidokezo muhimu bila kurusha chochote. Apocalypse World ya 2010 inatumia dadu mbili za pande 6: jumla ya 10 au zaidi ni ushindi kamili, 7 hadi 9 ni ushindi wenye gharama, na 6 au chini inampa mwongozaji nafasi ya kuwabana wachezaji. Bila nyongeza yoyote, hilo kundi la katikati lina asilimia 42 hivi, kwa hiyo mchezo wenyewe unazalisha matatizo mapya kila mara. Hata mwongozo wa toleo lako uliotoka 2014 una kanuni ya hiari kwamba anayekosa kwa 1 au 2 anaweza kupewa ushindi wenye gharama. Itumie, inafaa.

Kuhusu kubadilisha matokeo kwa siri: najua hufanywa kwa nia njema. Lakini siku wachezaji wakigundua, na mara nyingi hugundua, hata ule ushindi walioupata kihalali wataanza kuutilia shaka. Kama kuna tokeo usilolikubali kabisa, usilirushie dadu. Mimi hurusha hadharani, bila kiwambo, na ninakushauri ujaribu.

Mtego huohuo uko kwenye kunyemelea, ila umegeuzwa. Ukitaka wote wanne wafaulu ndipo kundi lipite, kila mmoja akiwa na asilimia 45, uwezekano wa kupita ni takriban asilimia 4. Tumia kanuni ya jaribio la kundi: nusu wakifaulu, wote wamefaulu. Hapo unafika asilimia 61 hivi.

Jambo moja la maandalizi: kila hitimisho ambalo wachezaji lazima walifikie liwekee vidokezo vitatu mahali tofauti. Barua iwe kimoja. Mtumishi aliyesikia ugomvi awe cha pili, na cha tatu kiwe daftari la madeni lenye ukurasa uliochanwa. Viwili wakivipita, kimoja watakikanyaga.

Na kisa kilichokwama hakijafa. Barua haikupatikana, sivyo? Basi muuaji bado anaitaka. Kikao kijacho kianze usiku, wahusika wakiwa bado ndani ya nyumba ile, na mtu mwenye taa iliyofunikwa anaingia kwa dirisha la nyuma kuelekea chumba kilekile. Usimwambie yeyote arushe dadu ili amsikie. Wote wamemsikia. Waulize wanafanya nini.