Tambi za kamba kwa wageni wanane

Dada, umeuliza kwa nini tambi zako hushikana, na uwapikie nini wageni wanane Ijumaa jioni. Huenda zinashikana kwa sababu maji ni machache au hazikorogwi mwanzoni. Kila gramu 100 zataka karibu lita 1. Wageni wanane ni pakiti mbili za gramu 400, kwa hivyo tumia sufuria mbili. Maji yachemke kweli, tia chumvi, kisha tambi, na ukoroge dakika mbili za mwanzo. Hapo ndipo hushikana. Mafuta usitie, yatazuia mchuzi usikamate.

Mchuzi, mimi ningefanya wa kamba. Kaanga kitunguu thomu kwa moto mdogo kisiungue, tia nyanya za kusaga na pilipili manga, ziive mpaka mafuta yatokeze juu. Tia tui zito, punguza moto na ukoroge, likichemka sana hukatika. Kamba ni wa mwisho kabisa, dakika tatu tu. Wakishapinda na kuwa wekundu, basi. Tafadhali usiwazidishe, huwa wagumu kama mpira na bei yao waijua.

Tambi zitoe zikiwa bado na kiini kigumu kidogo, zimalizie ndani ya mchuzi pamoja na kikombe cha maji yake. Wanga wa maji yale ndio unaofanya mchuzi ushike. Kamulia ndimu, nyunyiza dania, pakua papo hapo.

Asiyekula kamba mwekee mabiringani ya kukaanga.