Barua ya Kuacha Kazi Usiipeleke Mwezi wa Kumi

Juma lililopita msichana mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, aliniandikia: "Yaya (dada mkubwa), kila mwezi wa kumi ninakuwa kama mutu mwengine. Silali, ninagombana na kila mutu, na sasa nimeandika barua ya kuacha kazi. Pasta anasema ni roho ya babu." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyo mtu mwingine namjua, aliwahi kukaa kwangu.

Wengi mnaonisoma mnatafuta kusimama kwa kazi ya mikono yenu, mtanielewa. Nina atelie ya kushona yenye cherehani nne, juu ni mabati, dari hakuna. Mwaka juzi nilipata oda niliyoiombea kwa magoti: sare za kwaya nzima, wamama 30, satini ya bluu. Nilivyoipata ni hadithi ndefu, tuiache.

Oktoba ya Lubumbashi mnaijua. Mijakaranda imechanua, moshi wa vichaka bado uko hewani, mvua inatishia haiji, mchana nyuzi 32, 33. Mabati yanakunywa jua kutwa na kulitema chumbani, na kuta zinalitunza hadi usiku. Nilikuwa napata usingizi saa tisa, saa kumi na moja nimeshaamka. Siku ya nne hivi nikakata mikono ya gauni la kiongozi wa kwaya. Jasho lilidondoka kwenye satini, na satini haisahau tone la maji. Nilipoanza kuunganisha ndipo nikaona: mikono yote miwili ni ya kulia. Sikugeuza karatasi ya kipimo. Mimi, miaka 11 kwenye cherehani!

Papo hapo mwenye gauni akaingia, akauliza kwa upole, "Mama, tutafika kweli?" Nilichomjibu sikiandiki hapa, na wanafunzi wangu wawili walikuwa wanasikia. Alikunja vitambaa vyote, hata vilivyokwisha kukatwa, akavipeleka kwa fundi mwingine. Jumapili kanisa zima lilijua.

Mvua ya kwanza iliponyesha nililala tangu saa mbili usiku hadi kumekucha. Niliamka nikiwa mimi, na aibu yangu pembeni.

Nikaanza kusoma. Nilichokuta kwanza ni huzuni ya majira ya baridi, ambayo daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, aliieleza na wenzake mwaka 1984: mwanga wa mchana ukipungua, mtu hulegea na kulala kupita kiasi. Hiyo si yetu. Sisi tuko nyuzi 11 na ushee kusini ya ikweta, mchana wa Juni unapungukiwa na saa moja na kitu tu ukilinganisha na wa Desemba. Tena Julai, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, ndipo mimi nashona vizuri kuliko mwaka mzima, mbabula, jiko la makaa, karibu na miguu. (Mlango wazi, jamani. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, nayo inaua.)

Yangu ni joto. Ili usingizi uje, mwili lazima upoe kidogo kwa ndani. Chumba kikiwa tanuru haupoi, na asiyelala siku nne haulizwi neno. Kwa hiyo, dada: lala. Hamishia mkeka kwenye chumba chenye hewa, oga kabla ya kulala, kunywa maji hata kama huna kiu. Kazi ya kukata ifanye alfajiri. Halafu lala. Anayetumia dawa za akili amuone daktari wake kabla joto halijaanza, kwani baadhi huzuia jasho, na litiamu huzidi damuni mwili ukikauka maji. Na kama mawazo ya kufa yanakujia, usingoje mvua, nenda hospitali leo.

Sisemi jua ndilo lililomtukana yule mama. Mdomo ulikuwa wangu. Ila tunakaa tunatafuta mchawi ukoo mzima, na hakuna hata mmoja anayeinua macho kutazama bati. Mnafunga na kukesha, mnakesha tena, na mlichokosa ni usingizi! Mungu aliumba na usiku pia, muutumie.

Barua yako iweke kabatini hadi mvua inyeshe mara tatu. Ukiitoa ukakuta bado unaitaka, ipeleke.

Yule mama wa kwaya nilimuona juzi kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Naye aliniona. Alikuwa amevaa ile satini ya bluu, na mabegani imekaa vibaya.