Mtumbwi uliogongwa mwaloni Kirumba: ni miaka 3, si 6

Kaka, uliuliza una muda gani wa kufungua shauri la kudai fidia ya mtumbwi uliogongwa: ni miaka 3 tangu siku ulipogongwa. Hiyo 6 ni ya madai ya mikataba, na 12 ni ya madai ya ardhi. Watu huzichanganya sana. Iko kwenye jedwali la Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania, Sura ya 89. Kinachoponza wengi: kesi ya jinai inayoendelea au mazungumzo na bima havisimamishi saa, yaani muda huo unaendelea kuhesabika. Ukichelewa, shauri hutupwa hata kama mdaiwa hajalalamika, na mahakama haina uwezo wa kukuongezea muda wa kufungua shauri la madai. Ni Waziri mwenye dhamana ya sheria tu anayeweza kuongeza, tena hadi nusu ya muda huo. Aliyeumia akiwa mtoto, kwake saa huanza akifikisha utu uzima.