Sosholojia ya tiba kama somo dogo: usiache mbinu za utafiti ziwe za mwisho

Sosholojia ya tiba huchunguza jinsi jamii inavyoathiri afya na ugonjwa. Wengi hulichagua kama somo dogo, yaani la ziada kando ya somo lao kuu, wakidhani ni jepesi, la kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia ndio huteleza zaidi, kwa kuwa wamezoea kutafuta chanzo cha ugonjwa ndani ya mwili au tabia za mtu mmoja. Hapa swali ni lingine: kwa nini kundi hili linaugua kuliko lile?

Tazama utafiti wa Whitehall, ulioanza Uingereza mwaka 1967 na kufuatilia wanaume zaidi ya 17,000, watumishi wa serikali. Wote walikuwa na ajira, na matibabu ya umma yaliwafikia wote. Bado, wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo mara tatu na zaidi kuliko wa ngazi ya juu. Sigara, shinikizo la damu na kolesteroli vilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Na vifo viliongezeka kwa kila ngazi ya kazi iliyoshuka, hata miongoni mwa wasio maskini. Ndiyo maana insha inayoishia kusema "watu hawana elimu ya afya" hupata alama chache, na ni haki.

Soma utangulizi wa sosholojia pamoja na mbinu za utafiti mwaka uleule, kabla ya kozi za sosholojia ya tiba zenyewe. Usipojua kusoma jedwali la takwimu, utameza hitimisho la mwandishi bila kulipima.

Nadharia nazo zijaribu kwenye ugonjwa halisi. Mwaka 1951 Talcott Parsons, mwanasosholojia wa Marekani, alisema mgonjwa ana haki mbili, kupumzishwa majukumu na kutolaumiwa, na wajibu wa aina mbili, kutaka kupona na kutafuta mtaalamu. Kwa malaria inakaa vizuri. Kwa kisukari, mtu anaishi nacho miaka thelathini akiwa kazini; na mwenye Ukimwi hulaumiwa mno. Pale nadharia inapopasuka ndipo insha yako inapoanzia.

Ukipanga mahojiano, omba kibali cha maadili ya utafiti miezi kadhaa mapema, maana taarifa zilizokusanywa kabla ya kibali hazitumiki, hata ziwe nzuri namna gani. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa hula saa nne hadi sita za kuiandika. Mahojiano sita ya saa moja moja, basi, ni wiki nzima ya kazi kabla hujachambua lolote.