Wadogo zangu wa netiweki, acheni kuinyamazisha STP

Juzi nimemkuta tena kijana wa field kazima STP (ile itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi) swichi nzima, eti kompyuta zinachelewa kupata IP. Ni kweli zinachelewa, STP inaisubirisha porti kwanza: sekunde 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza. Dawa ni portfast, inayoruka kusubiri huko, kwenye porti za watumiaji, basi. Wewe unang'oa breki za daladala kwa sababu zinalia!

1. Root, swichi kiongozi wa STP, mchague wenyewe. Namba ya kipaumbele ndogo ndiyo inashinda; mkiacha ile ya kiwandani, 32768, kila mahali, anashinda mwenye MAC (anwani ya kifaa) ndogo, mara nyingi lile liswichi kuukuu la stoo. Swichi kuu ipeni 4096.

2. Bpduguard kila porti ya mtumiaji: inafunga porti ikiingia BPDU, yaani ujumbe wa STP. Hapa nina dhambi yangu. Ofisi moja pale Posta porti zilikuwa zinajifunga, watu wananipigia nikiwa foleni ya Mandela. Nikachoka. Nikatoa bpduguard, nikapiga bpdufilter porti zote. Kimya! Nikajiona bingwa. Kumbe ukiiweka ndani ya porti, swichi haitumi BPDU wala haijali zinazoingia. STP ipo kwa jina tu. Siku hiyo dada wa mapokezi akahamisha meza, akaona waya unaning'inia nyuma ya simu ya mezani, akauchomeka ukutani kwa roho safi. Simu ina porti mbili, sasa zote ziko ukutani. Fremu ya Ethernet haina TTL (kikomo cha safari), kwa hiyo broadcast, ujumbe wa kwenda kwa wote, ikazunguka tu, inazaliana. Taa zote zinapepesa kwa pamoja, SSH ya kuingia swichi kwa mbali haishiki, mhasibu yuko katikati ya mishahara. Kebo ya konsoli, ya kuingia swichi moja kwa moja? Iko nyumbani, Mbagala. Nilichomoa waya mmoja mmoja huku bosi kanisimamia mgongoni: "Bado?" Dada wa watu akaniletea maji, hajui chochote, na mimi sikuwa na uso wa kumwambia kosa ni la nani.

3. Storm control, inayoweka kikomo cha broadcast kwenye porti, wekeni pia, maana baadhi ya viswichi vya bei poa vya Kariakoo vinameza BPDU na guard haioni kitu.

4. Write memory, amri ya kuhifadhi konfiga! Umeme ukikatika swichi inaamka na konfiga ya zamani. Kuna mmoja wenu aliniambia imerogwa. Anajijua.

5. Porti ikiingia errdisable (swichi yenyewe imeifunga), nyanyukeni mkaone kilichochomekwa kabla ya kuifungua. Na kebo ya konsoli ikae kwenye begi, siyo Mbagala.