Swali la Lugha: Mnyororo kwenye mchoro ni sitiari au taashira?

"Shikamoo, Mwalimu. Nasomea uchoraji hapa Bagamoyo. Nimechora mlango wa kale, na kwenye maelezo yake nikaandika: 'Mnyororo huu ni sitiari na taswira ya utumwa.' Mwenzangu anasema neno la hapo ni taashira. Nani kapatia?"

Marahaba. Kapatia mwenzako, ingawa nawe hukupotea mbali.

Sitiari tuliipata kwa Waarabu, na ndani yake mna maana ya kuazima. Tukisema "Juma ni simba", Juma kaazima usimba, wawili wamekuwa mmoja. Mnyororo wako umebaki mnyororo, haukugeuka kitu. Unaelekeza tu kwenye jambo jingine, na mtazamaji anaelewa kwa kuwa watu wamekwisha kuzoea kuvihusisha viwili hivyo. Hiyo ni taashira, kama mwenge kwenye Ngao ya Taifa unavyoashiria uhuru.

Ukitaka sitiari ya kuonekana kwa macho, tazama vile vinyago vya Wamakonde viitwavyo ujamaa. Gogo moja la mpingo, watu wamepandana mabegani, huyu kashika mguu wa yule, hata huoni pa kumtenga mmoja. Jamii imekuwa nguzo. Wala mchongaji hana pa kutia neno "kama", ndiyo maana tashbihi, inayofananisha vitu kwa neno hilo, haiingii hapo kirahisi. Nawe ungechora mbuyu, tuseme ule wa magofu ya Kaole hapo jirani yako, mizizi yake ikawa minyororo iliyozama ardhini, ningekuachia sitiari yako bila ubishi.

Taashira nayo ina kero yake: maana yake haitulii. Mnyororo uliochongwa kwenye miimo ya milango ya Mji Mkongwe, wako wanaousoma kuwa ni utumwa, na wako wanaosema ni kinga ya nyumba, umefungia shari nje. Mimi naegemea kwa hawa wa pili. Mwenye nyumba aliyelipia nakshi zile, sidhani alitaka wageni wake wapokewe na pingu mlangoni. Kwa hiyo usiandike "mnyororo maana yake utumwa", kana kwamba umeitoa kwenye kamusi. Andika: "Katika mchoro huu, mnyororo unaashiria utumwa." Hapo umesema lako, na mlango umeuachia la kwake.

Na hiyo "taswira" uliyoipachika pembeni, iondoe. Taswira ni picha anayojijengea msomaji au mtazamaji kichwani, haiwi jina jingine la taashira.